Ukuta wa Mpakani: Tukubaliane Kabla ya Jiwe la Kwanza

Maneno ya mzee wa chama, fundi mwashi mstaafu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya harambee ya ukuta wa shule.

 

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Ameniambia, "Mzee, umejenga kuta za watu miaka arobaini, simama utuambie habari za ukuta." Nashukuru. Lakini tusifichane. Wajumbe wa kamati mnajua kwa nini nimesimamishwa hapa. Kwenye kikao kilichopita tulibishana mpaka chai ikapoa. Mradi wa mwaka huu ni ukuta wa shule yetu ya msingi, upande wa chini wa uwanja, pale shule inapopakana na familia tatu. Baadhi ya wajumbe walisema hivi: ukuta ni wa mpakani, mpaka ni wa watu wawili, basi shule itoe nusu na zile familia tatu zitoe nusu. Wengine tukakataa. Tukaondoka bila kuelewana.

Leo naomba niseme ninachokiamini na nieleze kwa nini. Swali hili si la shule peke yake. Nikiwatazama hapa ukumbini, karibu kila mtu ana jirani, na wengi mna ukuta naye au mnakaribia kuujenga.

Siku hizi kila mtu anaongeza nyumba. Kijana ameoa, unaongeza vyumba viwili uani. Umestaafu, unajenga vya kupangisha ili upate hela ya dawa na ya umeme. Mama anataka jiko la nje, baba anataka fremu ya duka. Kiwanja kilichotutosha tulipokuwa vijana sasa kimejaa, na jirani naye hajakaa kimya, anaongeza upande wake. Mwisho mnakutana mgongo kwa mgongo pale mpakani, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Nimeshaitwa kupima kuta kwenye kesi nyingi kuliko nilivyoitwa kupima misingi.

Kwanza nianze na kosa langu mwenyewe, ili msije mkasema mzee anahubiri.

Nilijenga hapa mjini, upande wa Bigwa, kwenye mteremko. Kiwanja changu kilikuwa juu, chini yangu alikuwa mama mmoja mjane, muuza mboga. Tulielewana sana. Tuliazimana kinu, tuliazimana chumvi, watoto wake walisoma kwa taa yangu. Tukakubaliana kujenga uzio katikati, tofali za nchi tano, nusu kwa nusu. Mimi nilitoa fedha zangu kwa mara moja, yeye alitoa kidogo kidogo kila wiki kutokana na mboga zake, na hakuruka wiki hata moja. Ukuta ukasimama, ukapendeza.

Miaka mitatu baadaye nikataka kuongeza vyumba vitatu vya kupangisha. Kiwanja kimeinama, sakafu haikai. Nikaita malori ya kifusi na udongo, nikajaza upande wangu kama meta moja na nusu, mpaka ua ukalingana na sebule. Udongo wote ule ukaegemea uzio wetu. Ndugu zangu, mimi ni fundi. Nilijua kabisa kwamba ukuta wa uzio si ukuta wa kuzuia udongo. Nikajiambia nitaweka nguzo baadaye, wapangaji wakishaanza kulipa.

Yule mama alikuja mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Baba, ukuta umetoa tumbo." Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Mama, ukuta ni wetu sote. Kama una wasiwasi, toa nusu tuuimarishe."

Masika yakaingia. Usiku mmoja mvua haikukatika, na kabla ya alfajiri ukuta ukalala. Uliangukia jiko lake, kile kibanda cha nje alikokuwa akilala mjukuu wake. Mtoto hakuwemo. Usiku ule bati la jikoni lilikuwa linavuja, bibi yake akamwita ndani. Bati bovu ndilo lililomwokoa mtoto yule, si ufundi wangu.

Nilijenga upya kwa fedha zangu, safari hii kwa mawe, na jiko lake nikamjengea. Nilimwomba msamaha mbele ya wazee, akasema amenisamehe. Lakini hakukanyaga tena uani kwangu. Mama yangu mzazi alipofariki, mtaa mzima ulikuja kulala msibani. Yeye alimtuma mtoto na rambirambi kwenye bahasha. Mwenyewe hakuja. Nilikaa pale kwenye jamvi nikiiangalia ile bahasha, nikajua gharama halisi ya ile nusu niliyomdai.

Ndiyo maana kwenye kikao, neno "nusu kwa nusu" liliponifikia masikioni, nilisimama kabla ya kupewa nafasi. Mwenyekiti anisamehe.

Sasa nieleze kwa utaratibu. Mimi sisemi nusu kwa nusu ni mbaya. Kwenye ardhi tambarare, majirani wawili wote wanataka ukuta, wote wataufaidi, nusu kwa nusu ni haki na ni rahisi. Mnasimamisha ukuta katikati ya mstari wa mpaka, mnakubaliana kimo na aina ya tofali, mnagawana. Mmoja akitaka vigae juu au marembo ya chuma, hayo ni yake peke yake. Mwisho.

Lakini sisi ni watu wa mlima. Watu huita Morogoro mji kasoro bahari. Bahari hatuna, ila maji tunayo, na yote yanashuka. Kwenye mteremko ukuta mmoja hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzuia udongo usishuke. Kazi ya pili ni kuzuia macho, mbuzi na wezi. Kuchanganya kazi hizi mbili kwenye hesabu moja ndiko kunakowagombanisha watu.

Kabla hamjagawana gharama, jiulizeni maswali matatu.

Swali la kwanza: nani ameibadilisha ardhi? Mlima ulivyoumbwa umejishikilia wenyewe kwa mizizi na mawe yake. Anayejaza upande wa juu ili apate ua tambarare ameleta mzigo ambao haukuwepo. Anayekata upande wa chini ili apate nafasi ya chumba ameondoa miguu ya mlima. Kwa hiyo aliye juu si mkosaji kila mara. Nimeona watu wa chini wanachimba mpaka kwenye msingi wa jirani, halafu wanamwambia, "Zuia udongo wako." Kanuni yangu ni hii: aliyekata au aliyejaza ndiye anayejenga sehemu inayobeba udongo. Kama mmoja amekata na mwingine amejaza, tafuteni mstari wa ardhi ya asili ulipokuwa, kila mtu abebe kimo chake.

Swali la pili: nani anafaidika na sehemu ya juu, yaani uzio? Mara nyingi ni wote, basi hiyo mgawane.

Swali la tatu: nani ataongeza mzigo baadaye? Kama jirani yako miaka mitano ijayo ataegemeza chumba au paa kwenye ukuta huo, semeni leo. Msingi wa uzio haubebi nyumba. Ama mjenge msingi mkubwa sasa na anayetaka paa alipe ziada, ama mkatazane kabisa.

Nitoe mfano wa hesabu, ni mfano tu. Tuseme ukuta mzima umegharimu shilingi milioni 6. Milioni 4 zimekwenda chini, kwenye mawe na saruji ya sehemu inayobeba udongo. Milioni 2 zimekwenda juu, kwenye uzio. Mtu wa juu ndiye aliyejaza. Yeye atalipa zile 4 zote, na uzio watagawana, milioni moja moja. Huyu atoe 5, huyu atoe 1. Ukilazimisha nusu kwa nusu, kila mmoja atatoa 3. Maana yake mtu wa chini amemchangia jirani yake shilingi milioni 2 ili jirani apate ua tambarare. Mchango wa harusi tunaujua na mchango wa msiba tunaujua. Huu wa ua tambarare mimi siujui.

Vijana mafundi mliopo, nisikilizeni dakika mbili. Kuta nyingi nilizoona zimelala hazikuangushwa na udongo mkavu. Ziliangushwa na maji. Udongo uliolowa, meta moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani mbili, na maji yakikosa njia yanasukuma ukuta mchana na usiku. Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kitako chake kisipungue nusu ya kimo chake. Nyuma yake weka kokoto, si udongo wa mfinyanzi. Kila baada ya meta moja na nusu hivi, toboa tundu la bomba ili maji yatoke, na chini yake jenga mfereji wa kuyapeleka mahali panapojulikana. Ukifika kimo cha meta moja na nusu kwenda juu, mwite mhandisi, usione haya. Na mabati yako yasimwage maji kwa jirani. Ukuta unaweza kuwa wa nusu kwa nusu, lakini maji ya paa lako ni yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lile gumu zaidi: wewe unataka ukuta leo, jirani hana uwezo. Usimchukie. Una njia mbili. Unaweza kujenga wote ndani ya kiwanja chako, ukawa wako peke yako, na hakuna atakayeugusa bila idhini yako. Au unaweza kuujenga juu ya mstari kwa makubaliano kwamba siku jirani atakapoutumia, atakurudishia sehemu yake. Jambo hili si geni duniani. Mji wa London uliungua mwaka 1666. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuujenga upya kwa matofali na mawe. Ukuta wa kati ya nyumba mbili ulipangwa ukae nusu huku na nusu kule, na aliyetangulia kujenga alipwe nusu ya gharama, pamoja na riba, pale jirani atakapokuja kujenga na kuutumia. Watu waliokuwa wamebaki na majivu tu walikaa wakafikiria ukuta wa kati utalipwaje. Sisi wenye saruji mkononi tunashindwaje?

Nina ushauri mmoja hapo. Deni la namna hii msiliandike kwa shilingi peke yake. Andikeni mifuko ya saruji mingapi, tofali ngapi, nondo ngapi, siku ngapi za fundi. Shilingi ya leo si shilingi ya miaka kumi ijayo, lakini mfuko wa kilo 50 utabaki kuwa mfuko wa kilo 50.

Na muandike kweli. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja inatosha: majina ya wote wawili, mpaka unapita wapi na bikoni ziko wapi, kimo cha ukuta, nani analipa nini, nani atakarabati, na mtu akiuza kiwanja itakuwaje. Wawepo mashahidi kutoka pande zote mbili, na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aone. Kila upande ubaki na nakala.

Hapa niwakumbushe jambo letu sisi Waluguru. Hakikisha unayeandikiana naye ndiye mwenye ardhi. Kwetu ardhi nyingi imepita upande wa mama, ni ya ukoo, ni ya lukolo. Unaweza kukubaliana na shemeji mwema kabisa, mkapeana mikono, mkajenga, kumbe pale ni kwa wakwe zake. Siku akiondoka, wajomba wanakuja kukuuliza nani alikuruhusu kuweka jiwe. Waite wenye ukoo wakae nawe tangu mwanzo. Na mke wa nyumba asiachwe nje ya kikao. Mara nyingi yeye ndiye anayekaa na ule ukuta kutwa nzima.

Kwa ninyi mnaojenga mjini, kumbukeni pia kibali cha ujenzi. Hata nyongeza ya uani inahitaji kibali cha halmashauri, na taratibu za mipango miji zinataka nafasi kati ya nyumba na mpaka. Mkikubaliana na jirani kuunganisha vyumba juu ya mstari bila kibali, makubaliano yenu hayatazuia alama nyekundu ya X.

Je, mkishindwana? Tangu mwaka 2002 tuna sheria ya mahakama za ardhi, na mnayajua mabaraza: la kijiji, la kata, lile la ardhi na nyumba la wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Baraza la kata sasa linasuluhisha, halitoi tena hukumu. Shauri la ardhi linapita kwanza kwenye usuluhishi huo, na usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mwenye shauri anaweza kwenda baraza la wilaya. Mimi nasema zile siku 30 ni zawadi. Zitumieni. Nauli ya kwenda wilayani mara kumi, na siku za kazi unazopoteza, zinaweza kumaliza ukuta. Na ukishinda kesi, bado utaamka kesho ukute jirani ni yule yule.

Ndugu zangu, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu sisi tulishapata somo la kuta za udongo kabla wengi wenu hamjazaliwa. Wazee mnajua ninakokwenda. Matuta.

Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Nia yake ilikuwa na ukweli ndani yake: mlima ulikuwa unamomonyoka, na maji ya Ruvu yanatoka kwetu. Wakaamuru watu wakate matuta ya ngazi milimani. Ilikuwa kazi ngumu, ya lazima, na faini ilikuwa inakungoja. Sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni ganda jembamba tu. Ukikata ngazi unaufukia huo na kuibua udongo mwekundu usioota kitu. Na watu wakajiuliza: shamba ni la ukoo, jasho ni langu, faida ni ya nani? Mwaka 1955 ghasia zikatokea Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Lakini nenda Mgeta leo. Utakuta kabichi, karoti na njegere kwenye ngazi. Kule watu waliendelea na matuta kwa sababu mboga zilikuwa na soko na mkulima aliiona faida mfukoni mwake. Mlima ni ule ule wa Uluguru na jembe ni lile lile. Sehemu moja watu walilazimishwa kubeba gharama ya jambo ambalo hawakuona faida yake, na sehemu nyingine waliiona faida wenyewe.

Sasa ndiyo naweza kurudi shuleni kwetu.

Uwanja ule wa shule haukuwa tambarare. Nani aliusawazisha? Sisi. Chama hiki. Picha zilichapishwa kwenye kijitabu chetu cha mwaka ule, vijana na majembe, akina mama na karai, na mimi mwenyewe nipo nimeshika kamba. Tulikata upande wa juu, tukasukumia udongo upande wa chini, tukapata uwanja wa mpira, tukashangilia. Ule udongo tuliousukuma ndio sasa unaning'inia juu ya nyumba tatu. Zile familia zilikuwepo pale kabla ya uwanja. Hazikukata kitu, hazikujaza kitu. Tukizidai nusu, tutakuwa tunasema maneno yale yale niliyomwambia mama wa watu: ukuta ni wetu sote, toa nusu.

Na nilikwenda kuangalia wiki mbili zilizopita. Pembeni mwa uwanja kuna ufa ardhini, mkono wangu unaingia mpaka kiwiko. Mnaijua methali ya ufa na ukuta, sihitaji kuimalizia. Lakini hapa tumeshapita kwenye kuziba. Hapa ni kujenga tu, na kabla ya masika.

Mweka Hazina alisema kwenye kikao, na alisema kweli: fedha hazitoshi kwa ukuta wote. Yeye hakuwa na roho mbaya, alikuwa anaangalia daftari lake. Kwa hiyo simpingi bila kumpa njia. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, mwaka huu tujenge sehemu ya chini peke yake, ile inayobeba udongo, kwa mawe, na gharama yake ibebwe na chama chote. Hilo ni deni letu.

La pili, uzio wa juu usubiri. Badala ya tofali tupande michongoma. Mpira utashuka mara chache, mtoto ataufuata, hakuna atakayekufa.

La tatu, tushughulikie maji. Paa la darasa lenye meta za mraba 100, mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, linamwaga lita 5,000. Sasa hivi zote zinakwenda kwenye ule ufa. Tuweke mifereji ya bati na tangi, watoto wapate maji ya kunawa, na yanayozidi yapelekwe korongoni kwa mfereji, yasipite kwa watu.

La nne, twende kwa zile familia tatu kabla ya jiwe la kwanza, tukae nao chini. Wapokelewe kama majirani, wasiitwe kama wadaiwa. Nilipokwenda, bibi wa nyumba ya katikati alinikaribisha uji. Hakuniuliza fedha zitatoka wapi. Aliniuliza, "Baba, mtajenga lini, maana wajukuu nimewahamishia chumba cha mbele." Kisha akasema wao watatoa mawe yaliyopo kwenye mashamba yao, na vijana wao watabeba mchanga kutoka mtoni. Hakuna aliyewadai. Nasema tuupokee mchango huo, tuuandike, na uhesabiwe kuwa ndio sehemu yao ya uzio siku uzio utakapojengwa. Tuwape nakala, iwe na mhuri wa kijiji, ili miaka ishirini ijayo asije katibu mwingine akawadai tena.

Mimi nimeshazeeka, mgongo haubebi tena tofali. Lakini macho yangu bado yanaona kama ukuta umenyooka. Nitakaa pale shuleni kusimamia kazi mpaka jiwe la mwisho, bila posho, nipeni chakula tu. Na natoa mifuko kumi ya saruji. Mweka Hazina aandike sasa hivi, nikiwa nimesimama.

Ninyi wa Dar es Salaam, kila mnapofungua bomba la maji ya Ruvu kumbukeni mlima unaoyashusha, na mkumbuke kwamba chini ya uwanja wetu kuna watoto wanaolala wakisikiliza mvua. Ninyi wa mjini hapa, mkirudi nyumbani leo, tokeni mkaangalie ukuta wenu wa mpakani. Kama umetoa tumbo, msisubiri jirani aje mara ya pili. Nendeni ninyi kwake. Bisheni hodi, kaeni, mnywe maji, ndipo mzungumze habari za saruji.

Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Bakuli lipite.